Lami baridi: Jinsi ya kuziba paa linalovuja kabla ya mvua za Novemba

Na Mwandishi Wetu

KWA mkazi wa nyanda za juu kusini magharibi, mwezi Oktoba ni mwezi wa kutazama juu. Mawingu huanza kujikusanya, upepo hubadili mwelekeo, na mwenye nyumba ambaye tangu Mei hakukumbuka kuwa ana paa huanza kujiuliza kama bati lake litastahimili msimu mwingine.

Mkoa wa Songwe, ulioanzishwa mwaka 2016 baada ya kumegwa kutoka Mkoa wa Mbeya, upo katika ukanda unaopata msimu mmoja wa mvua kwa mwaka. Mvua hizo huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili. Anayekosa kutengeneza paa lake kiangazi hana nafasi ya pili katikati ya mwaka, kama waliyo nayo wenzake wa maeneo yenye vuli na masika.

Hali hiyo inamhusu mkazi wa mji wa Tunduma, mpakani na Zambia, sawa na anavyohusika mkulima au mchimbaji wa Kata ya Mbangala, katika Wilaya ya Songwe inayoteremka kuelekea bonde la Ziwa Rukwa. Tofauti ni kwamba wa Tunduma ana fundi na duka la vifaa vya ujenzi karibu. Wa Mbangala mara nyingi hana budi kuifanya kazi hiyo kwa mikono yake.

Miongoni mwa njia ambazo mtu asiye fundi anaweza kuzitumia ni kupaka lami baridi. Ni kazi rahisi kuielewa, lakini ina masharti yake. Makala haya yanaeleza lami hiyo ni nini, inafaa wapi, haifai wapi, na hatua za kufuata ili kazi ya siku mbili isigeuke hasara ya msimu mzima.

Kwa nini tone moja lisidharauliwe

Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya eneo la mita moja ya mraba huleta lita moja ya maji. Nyumba yenye paa la mita 10 kwa 8 ina mita za mraba 80. Mvua ya milimita 20, ambayo si ya ajabu mwezi Januari, humwaga juu ya paa hilo lita 1,600. Hata sehemu ndogo sana ya maji hayo ikipata njia ya kuingia ndani, madhara yake ni makubwa.

Maji yanayopenya huozesha papi na kenchi, na mbao zikioza misumari hulegea, kisha upepo hukamilisha kazi. Nyumba ya tofali za udongo zisizochomwa huathirika zaidi, kwa sababu ukuta uliolowa kutoka juu hupoteza nguvu na unaweza kuanguka usiku watu wakiwa wamelala. Penye umeme, maji yanayofuata nyaya ndani ya dari huweza kusababisha shoti.

Kuna hatari nyingine isiyoonekana upesi. Mahindi yaliyohifadhiwa ndani ya nyumba yakilowa huota ukungu, na baadhi ya ukungu huo hutengeneza sumukuvu. Mwaka 2016 mlipuko wa sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara ulisababisha vifo vya watu waliokula mahindi yaliyochafuliwa. Paa linalovuja juu ya magunia ya chakula, kwa hiyo, ni suala la afya ya familia nzima.

Lami baridi ni nini

Lami ni masalio mazito na meusi yanayobaki baada ya mafuta ghafi ya petroli kuchujwa. Katika hali yake ya kawaida ni ngumu, na ili ipakike ni lazima iyeyushwe. Wajenzi wa barabara huiyeyusha kwa moto, katika joto linalozidi nyuzi 150 za Selsiasi. Lami baridi imelainishwa kiwandani kwa njia nyingine, hivyo hupakwa bila moto wowote.

Zipo aina kuu mbili. Ya kwanza ni lami iliyochanganywa na maji, ambayo huitwa emalshani. Ndani yake chembe ndogo mno za lami huelea katika maji, kama mafuta yanavyoelea katika maziwa. Ikiwa bado mbichi huwa na rangi ya kahawia, na maji yakikauka chembe hizo hushikana na kuwa ngozi moja nyeusi. Mara nyingi karibu asilimia 60 ya mchanganyiko huo ndiyo lami yenyewe, na kiasi kikubwa cha kinachobaki ni maji.

Aina ya pili ni lami iliyoyeyushwa kwa kimiminika cha jamii ya mafuta ya taa. Hii ni nyeusi na yenye kung'aa tangu inapofunguliwa kopo, na harufu yake ni kali. Hushika vizuri juu ya chuma kikavu, lakini mvuke wake huwaka moto na huumiza kichwa ukivutwa kwa muda mrefu.

Mnunuzi asiichanganye lami ya petroli na lami ya makaa ya mawe. Hii ya pili ina kemikali zinazojulikana kusababisha saratani, na haifai kushughulikiwa nyumbani. Soma maelezo ya kopo, angalia tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, na tafuta alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS).

Wazo la kuzuia maji kwa kitu kinachonata si geni kwetu. Mabaharia wa pwani ya Waswahili walikalafati majahazi yao kwa pamba iliyolowekwa mafuta, kisha wakapaka deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu, chini ya chombo. Huko Mesopotamia lami ya asili ilitumika kuziba mashua zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Kanuni ilikuwa hii hii ya leo: jaza ufa kwa kitu chenye nyuzi, kisha funika kwa kitu kisichopitisha maji.

Tafuta chanzo kwanza

Kosa la kawaida ni kupaka lami juu ya mahali panapodondoka. Maji yakiingia huteremka kwa kufuata papi au kenchi kabla ya kudondoka, pengine mita mbili au tatu kutoka kwenye tundu. Ukiona doa darini, chanzo chake kitafute upande wa juu wa mteremko.

Njia rahisi ni kuingia darini mchana wa jua kali na kukaa gizani kwa dakika chache mpaka macho yazoee. Matundu huonekana kama nyota. Yapitishie waya mwembamba au kijiti ili aliye juu ayaone.

Panapokosekana mwanga, tumia maji. Mtu mmoja amwage maji juu ya paa akianzia chini na kupanda polepole, na mwingine akae ndani akitazama. Akianzia juu, maji yatapita sehemu zote kwa pamoja na hamtajua ni ipi iliyovuja.

Sehemu za kuchunguza kwanza ni misumari, maungio ya bati na bati, kofia ya paa, mabonde yanapokutana mapaa mawili, na mahali paa linapogusa ukuta. Misumari ndiyo mkosaji mkuu. Bati la chuma lenye urefu wa mita 3 likipata joto lililoongezeka kwa nyuzi 40 kati ya alfajiri na adhuhuri hurefuka kwa karibu milimita moja na nusu, na usiku hurudi. Mwendo huo wa kila siku, kwa miaka, hupanua tundu la msumari na kuchakaza raba yake.

Tahadhari moja kwa wakazi wa sehemu zenye baridi kama Tunduma: matone yanayoonekana chini ya bati alfajiri, wakati mvua haikunyesha, huenda si uvujaji. Ni mvuke wa ndani ya nyumba uliogusa bati baridi ukageuka maji. Lami haitibu tatizo hilo. Dawa yake ni kuacha matundu ya hewa kwenye kingo za paa na kuweka dari.

Inapofaa na isipofaa

Lami baridi inafaa kwa matundu madogo ya misumari, maungio yaliyoachana kidogo, nyufa za mifereji ya zege na mahali paa linapokutana na ukuta. Inafaa pia kwa paa la zege na kwa mifereji ya nyumba za mtindo wa paa la kuficha, ambazo zimeenea mijini na ambazo mteremko wake mdogo huacha maji yakituama.

Haifai kuwa badala ya bati. Tundu linaloweza kupitisha kidole lifunikwe kwanza kwa kipande cha bati. Bati lililoliwa na kutu mpaka linabonyea kwa kidole gumba libadilishwe. Papi iliyooza haiponi kwa kupaka lami juu yake, na misumari iliyopigwa kwenye bonde la bati badala ya mgongo itaendelea kuleta maji mpaka ihamishwe na matundu ya zamani yazibwe.

Si busara pia kupaka lami paa zima la bati. Rangi nyeusi hunywa joto la jua, na katika maeneo ya joto yanayokaribia bonde la Rukwa vyumba vitakuwa kama tanuri. Isitoshe, lami huficha kutu inayoendelea chini yake.

Vigae vya zamani vya asbesto visiguswe kabisa. Kuvisugua au kuvitoboa hutoa vumbi linalosababisha saratani ya mapafu. Kazi hiyo iachwe kwa wataalamu.

Vifaa na kipimo

Vifaa vinavyohitajika si vingi: brashi ya waya, msasa, fagio, kitambaa, brashi pana ya kupakia, mwiko mdogo, mkasi, glavu za mpira, miwani ya kukinga macho, ngazi imara na mbao mbili za kukanyagia. Ongeza kitambaa chembamba cha poliesta au wavu wa nyuzi za kioo kwa ajili ya kuimarisha. Baadhi ya watu hutumia gunia la katani, lakini katani huoza ikipata maji.

Kiasi cha lami hukadiriwa kwa hesabu ile ile ya mvua: lita moja ikitandazwa kwenye mita moja ya mraba hufanya unene wa milimita moja ikiwa mbichi. Tuseme ungo la bati lina urefu wa mita 9 na unataka kupaka upana wa sentimita 15. Eneo lake ni mita za mraba 1.35. Kwa mipako miwili ya lita moja kwa kila mita ya mraba, utahitaji lita 2.7. Kopo la lita 4 litatosha na kubaki kidogo kwa misumari.

Kumbuka kuwa emalshani ikikauka hupungua, kwa kuwa maji huondoka. Milimita moja mbichi hubaki takriban milimita 0.6. Ndiyo maana mpako mmoja hautoshi.

Hatua za kazi

Chagua siku. Kati ya Agosti na Oktoba ndio wakati bora. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) na hakikisha hakuna mvua inayotarajiwa kwa siku mbili au tatu. Anza asubuhi baada ya umande kukauka na uache kabla ya jua la adhuhuri, wakati bati linapounguza na lami inapokauka juu kabla ya kukauka ndani.

Safisha. Hii ndiyo hatua inayoamua kama kazi itadumu. Ondoa majani, udongo na kuvu. Sugua kutu kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane, kisha futa vumbi kwa kitambaa. Lami iliyopakwa juu ya kutu hushika kutu, na kutu inapobanduka huondoka nayo. Lami kuukuu iliyopasuka ikwanguliwe.

Kaza. Misumari iliyolegea ing'olewe na kuwekwa mingine mirefu au minene kidogo, yenye raba mpya. Bati lililoinuka lirudishwe chini. Lami haina nguvu ya kushikilia bati lisitikiswe na upepo.

Paka mpako wa kwanza. Koroga kopo mpaka chini. Paka eneo linalozidi ufa au tundu kwa angalau sentimita 5 kila upande. Usipunguze aina ya mafuta kwa maji, wala emalshani kwa petroli.

Laza kitambaa. Lami ikiwa bado mbichi, weka kipande cha kitambaa juu yake na ukikandamize kwa brashi mpaka lami ipenye na mikunjo iishe. Kwenye maungio, kitambaa cha upande wa juu kilalie cha upande wa chini, kama bati linavyolaliana, ili maji yasipate mdomo wa kuingilia.

Acha ikauke, kisha rudia. Kwa kawaida saa 24 zinatosha kati ya mpako na mpako, ingawa maelezo ya mtengenezaji ndiyo ya kufuatwa. Mpako wa pili upakwe kwa mwelekeo unaokatiza wa kwanza, ili sehemu iliyorukwa mara ya kwanza ifikiwe. Kitambaa kisionekane tena.

Kinga dhidi ya jua. Jua ndilo adui mkubwa wa lami: hukausha mafuta yake, ikawa ngumu na kupasuka kama tope la bwawa lililokauka. Baada ya siku kadhaa, lami ikiwa imekauka kabisa, paka rangi ya fedha yenye alumini. Hurudisha mwanga, hupunguza joto na kuongeza umri wa kazi yako.

Jaribu. Mwaga ndoo mbili tatu za maji na umweke mtu darini. Usingoje mvua ya kwanza ikupe majibu.

Usalama kwanza

Kuanguka kutoka juu ya paa kunaweza kumlemaza au kumuua mtu. Ngazi isimamishwe juu ya ardhi ngumu, kwa kipimo cha mita moja mbali na ukuta kwa kila mita nne za kwenda juu, na ncha yake izidi ukingo wa paa kwa karibu mita moja. Mtu mmoja aishike chini. Juu ya paa, kanyaga mbao zilizolazwa juu ya mistari ya misumari, kwa kuwa chini yake ndipo palipo na papi. Usifanye kazi hii peke yako, wala wakati wa upepo.

Zima swichi kuu kama unaingia darini, na ukae mbali na waya wa umeme unaoingia kwenye nyumba. Ngazi ya chuma na waya huo visikaribiane.

Kamwe usiipashe lami baridi moto ili iwe nyepesi. Aina yenye mafuta hulipuka kwa urahisi, na jiko la mkaa lililo karibu latosha kuiwasha. Usivute sigara, na ukifanya kazi mahali palipozibwa fungua njia ya hewa.

Vivyo hivyo, epuka kuchemsha kwenye sufuria lami ya barabarani. Lami ya moto ikimwagikia ngozi hunata huku ikiendelea kuunguza. Ikitokea, poza kwa maji baridi mengi, usiibandue, na umpeleke majeruhi hospitali. Lami baridi iliyogusa ngozi hutolewa kwa mafuta ya kula, kisha sabuni. Petroli isitumike kunawia.

Maji ya kunywa

Familia nyingi vijijini, na hata mijini bomba linapokauka, hukinga maji ya mvua kutoka kwenye paa. Hapa pana jambo ambalo wauzaji wa lami ni nadra kulitaja: lami ya kawaida ya paa haikutengenezwa kwa ajili ya maji ya kunywa, na hasa inapokuwa mpya huyapa maji ladha, harufu na mabaki ya kemikali.

Kama paa lako ndilo kisima chako, ziba kwa kubadilisha misumari, raba na mabati kadiri inavyowezekana, na lami iwe kwa sehemu ndogo tu. Upande uliopakwa lami nyingi usielekezwe kwenye tangi. Maji ya mvua za kwanza za msimu yaachwe yapite, yatumike kwa kufulia au bustani.

Baada ya kazi

Brashi iliyotumika kwa emalshani ioshwe kwa maji kabla haijakauka. Ya aina ya mafuta ioshwe kwa mafuta ya taa. Masalio yasimwagwe mtaroni wala kisimani. Kopo lililobaki lifungwe barabara na kuwekwa kivulini, mbali na watoto.

Andika tarehe ya kazi mahali utakapoiona, na upande kukagua kila mwaka mwezi Septemba. Mpasuko mdogo hutibika kwa brashi moja na nusu saa ya kazi. Ukiachwa misimu miwili huhitaji bati jipya, ukiachwa misimu minne huhitaji kenchi.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mwenye nyumba wa Mbangala au Tunduma, ufa huo upo juu ya kichwa chake, na muda wa kuuziba ni ule ambao jua linawaka na hakuna anayewaza mvua.